Bibi Hana Picha

Hakuna picha ya bibi yangu popote. Huku Mjini Unguja, studio ya Ranchhod Oza imekuwa ikipiga watu picha tangu 1930, lakini Bibi aliishi na kufa Pemba, nje kidogo ya Wete, na kamera haikumfikia. Ndiyo maana namchora.

Wiki hii nimerudi kwenye turubai kubwa: Bibi amekaa jamvini jioni, anachambua karafuu, makonyo, yaani vijiti vyake, huku, karafuu kule. Kinachonishughulisha ni rangi. Karafuu iliyo tayari kuchumwa si ya kijani tupu, ina wekundu wa mbali kichwani, kama shavu la mtoto aliyetoka kucheza juani. Ikianikwa, inakolea siku hadi siku mpaka iwe kahawia nzito. Msimu ukipamba moto, uani mlikuwa na majamvi ya leo, ya jana na ya juzi, na ukitazama tu unajua lipi ni la lini. Nimeamua siku zipite hivyo ndani ya picha: mbele yake mbichi, nyuma yake zimeshakauka. Nafurahi mno na uamuzi huu.

Nachora pia namna tulivyokuwa watu wa karafuu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo zao hilo likawa zaidi la kwetu. Ukoo wetu umeishi kwa miti iliyobaki wima.

Mama alipoiona kazi alisema, "Usimtie uso, mwanangu. Utakuja kuulizwa mbele ya Mungu." Nimemtii, na si kwa kumridhisha tu. Uso wa Bibi siukumbuki mzima. Nakumbuka mgongo, fundo la kanga, na bega la kulia lililoshuka kwa kubeba pakacha. Mama mkubwa alipopita hapa Michenzani alisimama mlangoni kabla sijamwambia kitu. "Huyu si mama?" Kisha wakabishana na Mama juu ya kanga, mmoja anashikilia ilikuwa kisutu, ile nyekundu, mwingine anakataa katakata. Nimeiacha nusu nyekundu, nusu ya buluu. Wote wawili walimwona.

Mwenye duka mmoja alitaka niongeze jahazi na jua linalozama, ili iuzike. Picha za namna hiyo nimewahi kuzichora kodi ilipodai, na wenzangu wanaoishi kwazo nawaheshimu. Lakini uani kwa Bibi bahari haionekani.

Siku hizi namfikiria sana mchoraji Lubaina Himid. Alizaliwa hapa 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga, na bado kanga zimo katika kazi zake. 2017 akapata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa huko Uingereza. Yeye hakuondoka na kumbukumbu yoyote ya hapa. Mimi nilivuka mkondo tu, kutoka Pemba kuja Unguja, na kichwa kimejaa. Kwa hiyo sina sababu ya kungoja mpaka nikumbuke kila kitu.

Mama naye amekubali nimchore, kwa sharti anipe mgongo. Picha zake zimejaa kwenye simu yangu, uso na tabasamu, lakini hakuna hata moja inayoonyesha anavyoinama akichagua mchele. Tumepanga Jumapili, baada ya alasiri, mwanga ukiwa bado unaingia jikoni.