Harufu ya kuungua kwenye gurudumu moja: jinsi nilivyoitatua

Ukishuka kutoka Lushoto hadi Mombo, breki kunuka ni kawaida. Zangu ziliendelea kunuka hata kwenye tambarare ya kuelekea Korogwe, na usukani ukawa unavuta kushoto. Nilisimama, nikasogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Ya mbele kushoto ilikuwa ya moto kupita zote.

Ilipopoa nikapiga jeki: tairi halizunguki kwa mkono. Hapa wengi hukimbilia kununua kalipa mpya (kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya gurudumu), na inaniuma kuona watu wakipoteza hela hivyo. Legeza kwanza nati ya kutolea upepo iliyo kwenye kalipa. Tairi likiachia, mara nyingi mpira wa breki (bomba linalopeleka mafuta ya breki kwenye kalipa) umeziba kwa ndani. Langu halikuachia. Nikafungua kalipa: pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimeshika kutu, pedi ya ndani imelika karibu na chuma.

Nilisugua pini, nikapaka grisi maalumu ya breki inayostahimili joto (ya kawaida huyeyuka na kuharibu mpira), nikabadilisha vifuniko vyake vya mpira na pedi za magurudumu yote mawili ya mbele. Nikatoa upepo, nikakanyaga pedali hadi ikawa ngumu, ndipo nikaondoka. Rimu za mbele sasa zina joto sawa.