Nilivyogawa shamba la iliki, Usambara Mashariki

Kwetu Amani, wilayani Muheza, iliki hulimwa kivulini. Unafyeka vichaka, unaacha miti mikubwa, unapanda. Ukipita barabarani utaapa msitu haujaguswa. Ndiyo maana tulipokaa kuamua la kufanya na shamba la familia, baba mdogo aliniuliza, "Miti yote imesimama, unataka uhifadhi gani tena?"

Nilitaka kujua lipi linatunza aina nyingi zaidi za viumbe: kulima iliki msitu mzima, au kutenga sehemu isiguswe na kulima iliyobaki kwa bidii. Vifaa vya kitaalamu sina. Nilifunga kamba za katani kuzunguka miraba iliyolingana, mingine kwenye iliki, mingine mahali pasipofyekwa, nikahesabu miche badala ya miti.

Kwenye iliki misambu mikubwa, miti ya asili ya huku, ipo, ila miche yake haionekani kabisa. Panga la palizi halichagui. Kilichojaa ni Maesopsis, mti wa kuletwa, unaopenda mwanga, na hondohondo huusambaza kwa kula matunda yake. Msitu wa wazee watupu. Upande wa pili nilikuta miche ya msambu, vinyonga, na kwenye miamba yenye unyevu Saintpaulia, ua la porini Tanzania na Kenya ambalo Ulaya hulifuga kwenye vyungu.

Halafu iliki huchosha udongo. Mavuno yakishuka, mtu husogea kufyeka kwingine, kwa hiyo hicho kilimo "rafiki" hakitulii mahali pamoja.

Tukaacha sehemu ya juu yenye chemchemi. Katikati tulipanda mikarafuu na midalasini, pilipili manga ikipanda juu ya miti ya asili. Pilipili ndiyo iliyomtuliza baba mdogo, maana huanza kuzaa vizuri baada ya miaka 3 hivi, karafuu hutaka subira ndefu zaidi. Mbegu za msambu nazo huuzwa kwa ajili ya mafuta.

Sidai kipande chetu kinatosha. Kina maana kwa sababu kinapakana na msitu mwingine. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ipo tangu 1997, na huko Derema, ukanda wa msitu hapa Usambara Mashariki, wakulima walilipwa fidia waache iliki ili misitu iungane. Kwa viumbe, njia hiyo ni bora kuliko yangu. Kwa mkulima, fidia huliwa ikaisha, pilipili huchumwa kila mwaka.

Sasa kazi iliyobaki ni kung'oa miche ya Maesopsis kule juu kila baada ya mvua.