Chai ya Saa 4

Kwa miaka mitatu nilimeza kidonge cha omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumboni, kila asubuhi kwa ajili ya kiungulia, na katika miaka hiyohiyo tumbo langu lilifura kama ngoma kila nilapo maharage au chapati, nikatibiwa amiba mara mbili na taifodi mara moja bila nafuu. Daktari aliyenipokea juzijuzi alinieleza kwamba asidi ya tumboni huua bakteria wengi tunaowameza, na ikipunguzwa kwa muda mrefu, bakteria hao hupata nafasi ya kuzaliana katika utumbo mwembamba, ambamo kwa kawaida huwa wachache mno kuliko wale wa utumbo mpana.

Bakteria hao huchachusha wanga kabla mwili haujaufyonza, na hidrojeni inayozalishwa huingia katika damu, kisha hutoka kwa pumzi. Ndiyo maana kipimo chenyewe ni cha kupuliza. Jana yake nilikula wali mweupe na kuku wa kuchemsha tu, nikashinda njaa kwa muda wa saa 12, nikanywa maji ya sukari yenye utamu wa kukirihi, kisha nikapuliza katika mfuko mdogo kila baada ya dakika 20 huku muuguzi akiandika namba kwa penseli. Hidrojeni ikipanda kwa sehemu 20 kwa milioni ndani ya dakika 90, bakteria huhesabiwa kuwa wamezidi. Yangu ilipanda kwa 34.

Nimeandikiwa antibaiotiki za siku 14, nimeagizwa kuiacha omeprazoli taratibu, na kupima vitamini B12, ambayo wageni hawa huila kabla yetu.

Lakini lililonishughulisha zaidi ni kwamba utumbo usio na chakula hujifagia wenyewe kwa mawimbi yanayopita kila baada ya dakika 90 hadi 120, na mtu akitia kitu kinywani, ufagio husimama. Nilikumbuka chai yangu ya saa 4, karanga za saa 8, andazi la saa 10. Nikaelewa pia kwa nini mchana wa Ramadhani tumbo lilitulia, kisha likafura usiku kwa sambusa na kaimati zilizofuatana mpaka daku. Daktari amenionya nisidhani kufunga peke yake ni tiba, maana hali hii huwarudia wengi hata baada ya dawa.

Leo ni siku ya 5 bila kutia kitu kinywani kati ya milo. Sahani ya kashata iko mezani tangu saa 3, na mama ameshaniuliza mara mbili kama nimemkasirikia.