Siku Moja Maishani Mwetu: Jumamosi ya Mazoezi ya Mwisho ya Mchezo wa Mateso

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Jumamosi inayotangulia Jumapili ya Matawi ndiyo siku ndefu kuliko zote kwa kikosi cha jukwaa. Mchezo wa Mateso ya Yesu utachezwa Ijumaa Kuu hapa kisiwani Mombasa, kwenye uwanja wazi wa upande wa Mama Ngina, kando ya bahari, na leo unapigwa mzima, kuanzia kuingia Yerusalemu hadi kaburi tupu, pamoja na mavazi, punda na vyombo vya sauti.

Kazi ya kwanza ni shimo la msalaba. Msalaba unasimama ndani ya soketi ya chuma yenye kina cha sentimita 90, iliyomwagiwa zege. Masika yakikaribia, mvua ya usiku huijaza maji. Yakiachwa humo mti huvimba, ukakwama, usitoke tena bila kupigwa nyundo. Tunayakomba kwa kikopo, tunakausha kwa gunia, tunapaka grisi, kisha tunautumbukiza mti na kuubana kwa kabari nne za mbao ngumu, moja kila upande. Timazi, kamba yenye uzito ya kupimia wima, huning'inizwa mbele na ubavuni. Msalaba ulioinama hata kidogo humfanya mwigizaji ajishikilie kwa misuli badala ya kuegemea mshipi wa usalama.

Misalaba ya Yesu ni miwili. Wa kusimama ni wa mbao nzima za inchi 6 kwa 6, na mkono wake umefungwa kwa bolti mbili za milimita 16. Wa kubebwa ni sanduku tupu la plaiwudi, kilo 18, lililopakwa rangi ifanane na mwenzake. Anayebeba mti mzima wa kilo 50 na zaidi kwenye jua la Mombasa hufika Golgotha hana pumzi ya kusema neno lolote kati ya yale saba ya Yesu msalabani. Tumewahi kujadili kuacha mti wote na kubeba mkono wake tu, maana Warumi kwa kawaida walimbebesha mhukumiwa boriti ya mikono peke yake. Mwaka huu hilo limeingia kwa wale wahalifu wawili; Yesu anabaki na msalaba kamili, kwa kuwa ndiyo sura ambayo watazamaji wanaifuata kutoka mbali.

Saa moja na nusu

Matawi. Makuti mabichi yaliyokatwa jana huwa yamejikunja kufikia alasiri, kwa hiyo hukatwa leo, yakalazwa chini ya mwarobaini na kufunikwa magunia yaliyoloweshwa. Punda huletwa mapema na mwenye kumchunga, ambaye amevishwa kanzu ya mwanafunzi na hamwachi mnyama hata mara moja. Huyu ni punda wa mkokoteni, kelele za barabarani amezizoea. Kinachomtisha ni makuti yanayopungwa karibu na macho. Watu wa mbele wanayashusha chini, wa nyuma ndio wanaoyainua. Mwigizaji hupanda kwa mita 20 tu, halafu hushuka na kutembea, maana punda wetu ni mdogo na uzito ule si wake.

Saa tatu

Sauti ndiyo inayoua michezo ya nje kuliko mvua. Uwanja umepangwa watazamaji waelekee bahari: upepo wa mchana unatoka huko na kuwaletea maneno, na jua la jioni linakuwa mgongoni mwao, likiwaangaza waigizaji usoni. Bei yake ni kwamba waigizaji hukunja macho. Tunawashonea vilemba vyenye ukingo uliojitokeza kidogo juu ya paji.

Maikrofoni za kuvaa ni sita kwa waigizaji zaidi ya 40. Yesu na Pilato wana zao. Nne zilizobaki zinazunguka, na msimamizi wa jukwaa ana jedwali la nani anampa nani, nyuma ya pazia lipi. Kila moja huvishwa sponji na kufichwa kwenye paji la uso. Kifuani upepo huingia, na nguo hukwaruza. Kisanduku cha mawimbi hutiwa kwenye mfuko wa plastiki na kufungwa kwa tepu, vinginevyo jasho huingia kwenye betri kabla ya onyesho la tatu.

Spika za katikati ya uwanja ziko mita 30 kutoka jukwaani. Sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde katika joto hili, kwa hiyo zinacheleweshwa milisekunde 86. Bila hivyo mtu wa nyuma husikia kila neno mara mbili.

Saa tano

Damu na mavazi. Damu ya sukari au asali huvuta nzi na nyuki, na mtu aliyefungwa msalabani hawezi kuwafukuza. Yetu ni ya wanga: lita moja ya maji, vijiko vinne vya mezani vya wanga, vijiko viwili vya rangi nyekundu ya chakula, nusu kijiko cha kakao ili wekundu usiwe wa pipi. Inachemshwa mpaka ishike, inapoa, ndipo inapakwa kwenye mjeledi. Mjeledi wenyewe ni mikanda ya kitambaa cha pamba, na ndio unaoacha michirizi mgongoni.

Nguo ni kitambaa cha marekani kilichochovywa kwenye chai nzito. Kanga hapana, hata upande wa ndani, kwa sababu jina lake huonekana upepo ukiinua. Askari nao wamebadilishwa. Vikosi vya Pilato vilikuwa vya wasaidizi walioandikishwa katika maeneo yale yale, hivyo zile ngao kubwa za mstatili zimetoka na za duaradufu zimeingia. Ni nyepesi, na upepo hauzishiki sana.

Saa sita na nusu

Adhana ya adhuhuri. Spika zinazimwa kabisa, hazipunguzwi tu, na watu wanakula wali na maharagwe. Watakaopanda misalaba wanakula kidogo.

Saa nane

Skripti, na hapa ndipo tunapokaa zaidi. Mchezo wa aina hii haukamiliki. Kule Oberammergau, Ujerumani, wanaocheza tangu 1634, matini imeandikwa upya mara nyingi, na sababu nzito kuliko zote katika miaka ya karibuni ni lawama ya kifo cha Yesu iliyotupiwa Wayahudi wote. Kanisa Katoliki liliikataa lawama hiyo kwa tamko la Nostra Aetate mwaka 1965, na maaskofu wa Marekani wakatoa mwongozo wa michezo ya Mateso mwaka 1988. Kwetu hilo lina maana ya kazi ya mikono: umati wa watu 30 haupigi kelele kwa sauti moja. Kumi na wawili wanadai asulubiwe, wanane wanawapinga, waliobaki wamenyamaza au wanalia, kama wale wanawake wa Luka 23:27. Ni vigumu kufundisha kuliko kelele ya pamoja, na ni kweli zaidi.

Pilato pia hasemi tena kama mtu mwema aliyelazimishwa. Cheo chake, liwali wa Kirumi, kimo kwenye jiwe lililopatikana Kaisaria mwaka 1961, naye aliongoza hadi mwaka 36. Hukumu ya msalaba ilikuwa mkononi mwake, na anaitoa akiwa ameketi. Kibao cha mashtaka kina lugha zote tatu za Yohana 19:20, herufi sentimita 8, zisomeke kutoka mita 30.

Saa kumi na robo

Baada ya adhana ya alasiri tunaanza. Lazima mchezo uishe kabla ya magharibi, karibu saa kumi na mbili na nusu. Wasikilizaji wanne wanakaa safu ya mwisho na nakala za skripti, wanapigia mstari kila sentensi wasiyoisikia. Sentensi ndefu hufa kwanza, hasa honi ya feri ya Likoni ikilia.

Msalabani mwigizaji ana mshipi wa usalama chini ya nguo, kipande cha kukanyagia, na dakika 12, basi. Akining'inia kwa mikono pekee kifua hubana. Akikunja ngumi ya kulia mara mbili, akida aliye chini anasimamisha onyesho. Huyo akida ndiye fundi aliyefunga bolti.

Jiwe la kaburi ni duara la plaiwudi lililovikwa gunia na uji wa saruji. Ni jepesi mno, kwa hiyo limewekewa mchanga kilo 10 ndani na linapita kwenye mfereji. Bila mchanga, upepo huliviringisha Yesu akiwa bado kwa kuhani mkuu Kayafa.

Saa moja na nusu usiku

Onyesho la Pilato limechukua dakika 14, linatakiwa 9. Sentensi zilizopigiwa mstari na wasikilizaji watatu au zaidi zinakatwa au kuvunjwa mbili, na jina la anayeitwa linatangulia ili watazamaji wajue wamtazame nani. Kurasa zilizobadilika zinachapwa kwenye karatasi ya manjano, na za zamani zinakusanywa zote, pamoja na ile ya mchunga punda, kwa sababu mtu mmoja mwenye toleo la juzi anatosha kuwachanganya wengine kumi. Jumatatu tunaanza na Pilato.