Si ni kusoma tu?

Juzi dogo wetu mpya kanitumia kodi yake ya programu niipitie kabla haijapanda kwenye seva, nikakuta RLock pale juu, yaani ombi la loki ya kusoma kwenye lugha ya Go (loki ni kufuli la kuzuia watu wasigongane kwenye data moja), halafu funksheni hiyohiyo inaita nyingine ambayo nayo ina RLock yake ndani, nikamwandikia pembeni kwamba hapa hapana, toa moja. Akanijibu kwa roho safi kabisa: "kaka si ni kusoma tu, wasomaji hawagombani."

Aisee. Chai ilipoa mkononi. Hiyo sentensi nilishawahi kuisikia, Desemba 2019, karibu vilevile, na usiku ule hakuna aliyelala kwake.

Ofisi yetu ilikuwa juu ya duka la vioo, feni moja na dirisha lisilofunga. Tulikuwa tunauza tiketi za mabasi. Stendi ya Dar ilikuwa bado Ubungo, Mbezi haijafunguliwa, na ikifika katikati ya Desemba kila mwenye kwao Kilimanjaro anataka Krismasi imkute mgombani. Mangi wetu wa seva mwenyewe alikuwa anahangaikia viti vitatu vya kwenda Rombo, yeye, shemeji, na mama mkwe ambaye hapandi basi bila kukaa dirishani.

Viti vyote vya mabasi yote tulikuwa tumevipakia kwenye memori, ramani moja ya Go (jedwali la kutafutia kwa jina), juu yake RWMutex moja, loki ambayo RLock yake ni ya wasomaji na Lock yake ni ya mwandishi. Sababu zilikuwepo, wanaochungulia viti ni wengi kuliko wanaolipa, mtu anaangalia asubuhi anaangalia mchana anampigia mjomba anaangalia tena jioni hanunui, kwa hiyo ukiwapa wachunguliaji loki ya kushirikiana wakaingia wote kwa mpigo, halafu anayeuza kiti ndiye tu aingie peke yake, kazi inaenda. Na ilienda, miezi mingi.

Wiki ile ikaanza kuganda. Haifi, inaganda. Simu inazunguka tu. Dada wa huduma kwa wateja anapokea matusi ya Kichaga na ya Kiswahili, bosi anatoka chumbani kwake anasema iwasheni upya, tunaiwasha, inasoma viti upya kutoka Postgres, hifadhidata yetu, inakimbia vizuri, watu wanashangilia, baada ya saa kadhaa yaleyale. Kila mtu alikuwa na mchawi wake: Mangi alisema diski, bosi alisema mtandao, mimi nilikuwa nasema Postgres bila ushahidi wowote. Kilichoniudhi ni kwamba seva yenyewe ilikuwa inajisifu. Ukiipiga kwenye ile njia ya kuulizia afya inakujibu OK hapohapo, CPU iko karibu na sifuri, taa zote kijani. Njia ya afya haikuwa inagusa ile loki, ndiyo maana. Na Go ina tabia ya kupiga kelele kwamba gorutini zote, vile vikazi vinavyokwenda sambamba ndani ya programu, zimelala na hapa kuna dedloki, kila mmoja anamsubiri mwenzake, ila mpaka zilale zote kweli. Sisi hazikuwa zote, bado kulikuwa na za kupokea watu mlangoni na kuwapeleka wakalale.

Usiku wenyewe ikaganda mida ya saa tatu, saa ya watu kukata tiketi wamekula wameshiba. Bosi akapiga simu, "washeni upya." Nikamwambia sawa mzee. Na kweli niliiwasha upya, ila badala ya kuizima kistaarabu niliiua kwa kill -QUIT. Programu ya Go ukiipiga hiyo haifi kimya, inamwaga kwanza staki za gorutini zote zilizomo, yaani mlolongo wa funksheni zilizoitana, iliyoitwa mwisho ikiwa juu, moja baada ya nyingine, kila moja ilikuwa wapi na inasubiri nini, ndipo inakufa. Ni kama kuamsha bweni zima usiku na kila mmoja aseme alikuwa anaota nini.

Faili likawa refu. Nilikuwa natumia hotispoti ya simu, laptopu iko mapajani, Mangi kasimama nyuma yangu anakula karanga na maganda yananidondokea begani, na mimi nashuka tu na mshale. Gorutini fulani, semacquire, yaani inasubiri loki, dakika 11. Nyingine, semacquire, dakika 11. Nyingine dakika 10. Zote ziko RLock, zote mstari uleule wa funksheni ya kuorodhesha viti, mlangoni kabisa. Mamia kwa mamia. Seva haikushtuka kwa sababu gorutini inaanza na staki ya kilobaiti 2 tu, unaweza kurundika maelfu na memori isistuke.

Mangi akauliza, "sasa kama wote wanasubiri kusoma, anayeandika yuko wapi?"

Nikatafuta Lock, siyo RLock. Waliokuwa wanauza viti walikuwepo kadhaa, wamepangana foleni yao nyuma ya mmoja, na huyo mmoja wa mbele, dakika 11, alikuwa hajaingia. Anasubiri. Mwandishi anasubiri msomaji fulani atoke ndani. Haya, msomaji gani, mbona wote wako nje?

Hapo ndipo tulipokaa. Sikumbuki ni muda gani, nakumbuka karanga ziliisha. Mpaka nikaacha kusoma jina la juu la kila staki nikaanza kuhesabu urefu wake. Maana zile mia zote zilikuwa na urefu mmoja, mistari inalingana kama matofali, sasa ukishuka haraka haraka jicho linazoea umbo, na kuna moja ikapita ikiwa ndefu kidogo. Nikarudi juu. RLock, ndiyo, kama wenzake, semacquire, dakika 11, kama wenzake, lakini chini ya hiyo RLock haikuwa funksheni ya kuorodhesha viti, ilikuwa funksheni ya bei. Na chini ya bei ndiyo kulikuwa na ya kuorodhesha viti.

Huyu alikuwa ndani. Kaingia kusoma viti, akashika loki, akaenda kuuliza bei, na bei nayo kwa adabu zake ikaomba loki ya kusoma. Katikati ya hizo mbili mwandishi akabisha hodi.

Mangi alikaa kimya halafu akasema taratibu, "lakini si alikuwa anasoma tu?"

Tukafungua kodi ya Go yenyewe, lile faili la rwmutex, ni fupi ajabu ukitoa maelezo. Mwandishi akija anachukua idadi ya wasomaji anaitoa 1,073,741,824, yaani 2 kwa kipeo cha 30, idadi inazama kwenye hasi. Msomaji mpya akija anajiongeza 1, anaona bado ni hasi, anajua kuna mwandishi kwenye mstari, analala. Imefanywa makusudi, la sivyo wasomaji wangekuwa wanapishana mlangoni milele na mwandishi asiingie. Na idadi ni idadi tu, haina majina. Haijui kwamba huyu anayeomba sasa hivi ndiye yuleyule ambaye mwandishi anamsubiri atoke. Kwa hiyo huyu anamsubiri yule na yule anamsubiri huyu, na jiji zima la Dar liko nyuma yao linataka kwenda Moshi. Maelezo ya RWMutex yanasema waziwazi usirudie kuomba loki ya kusoma wakati unayo. Yapo pale, siku zote yalikuwepo.

Nani aliandika? Hapa mtanisamehe maana wengine mnajua ni nani. Funksheni mbili, watu wawili tofauti, miezi tofauti, na kila moja ukiisoma peke yake ni safi, unaomba, unaweka defer, agizo la kuachia mwishoni, unasoma, unatoka. Aliyeandika ile ya bei alitoka kwenye lugha ya Java, na kwenye Java loki ya aina hii, ReentrantReadWriteLock, inakumbuka uzi gani (mkondo gani wa kazi) umeshika nini, ukiwa tayari msomaji ukaomba tena inakupa hata kama kuna mwandishi anasubiri. Yaani kodi ileile kule ingepita. Angekwama tu kama angejaribu kutoka kwenye kusoma aende kuandika bila kuachia kwanza, hiyo hata Java haikubali. Jamaa hakuwa mzembe, alihama nchi akaendelea na sheria za kwao.

Na kwa nini wiki ile, siyo Machi? Bosi alitaka kujua kila anayechungulia viti, ukaongezwa mstari mmoja wa kuandika logi, kumbukumbu ya nani kachungulia, kwenye diski, ukakaa katikati kabisa, baada ya kushika loki ya kwanza na kabla ya kuita bei. Zamani ule mwanya kati ya RLock mbili ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mwandishi alikuwa hapati bahati ya kuingia hapo. Diski ikaupanua. Desemba ikaleta waandishi. Kwa hiyo Mangi na diski yake alikuwa na haki kidogo, na hajaacha kunikumbusha.

Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kubishana. Mangi alitaka tuachie loki kabla ya kuita bei halafu tushike tena, nikamwambia inafanya kazi ila katikati hapo kiti kinaweza kuuzwa, ukirudi unamwonyesha mtu kiti ambacho kina mwenyewe, labda tukague upya kila kitu. Tukaishia kuigawa ya bei mara mbili, moja ya nje inayoomba loki, moja ya ndani isiyoomba chochote na jina lake linasema kabisa kwamba anayeniita awe ameshashika. Na logi tukaitoa nje, soma, nakili unachotaka, achia, ndiyo uandike diski yako hata mwaka mzima. Ilibidi sehemu ya kusoma tuikate iwe funksheni yake ndogo, kwa sababu defer inaachia funksheni inapoisha, haiachii pale wewe unapoona umeshamaliza kusoma. Kipimo cha -race, cha kutafuta wanaogongana kwenye data, tulikiendesha pia, kikakaa kimya, na kina haki, hakuna aliyegongana na mtu. Wote walikuwa wapole sana.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba Courtois, Heymans na Parnas waliliandika hili la wasomaji na waandishi mwaka 1971, wakalitatua mara mbili, mara moja kwa kumpendelea msomaji na mara moja kwa kumpendelea mwandishi. Mbili, na kila moja ina wake wa kunung'unika.

Mimi tangu siku ile mkono wangu unaenda kwenye Mutex ya kawaida, ile ya mmoja mmoja. Ukiirudia umejifunga hapohapo, jaribio la kwanza tu, kwenye laptopu yako, hakuna mteja. Ile ya kushirikiana ilituvumilia tangu mwanzo wa mwaka halafu ikachagua wiki ya Krismasi. Sasa sijui kama hii ni busara au ni woga tu, kuna sehemu najua kabisa RWMutex ingefaa na bado naikwepa, na dogo wa juzi akiniuliza kwa nini sina namba za kumwonyesha.

Alfajiri bosi alikuja na chapati, akauliza ilikuwa nini. Mangi akamweleza, kwa mikono yote miwili, msomaji huku, mwandishi huku, bei katikati. Bosi alitikisa kichwa mpaka mwisho, akasema vizuri, hongereni vijana. Saa nne ikatoka barua kwa wenye mabasi, kwamba usumbufu wa wiki nzima ulisababishwa na tatizo la mtandao na sasa mtandao umetengemaa. Mangi alitaka kwenda kulalamika, nikamwuliza wewe ungeandikaje, akafikiria, akarudi kwenye kiti akakata tiketi zake. Dirishani palikuwa pameisha.