Siku moja maishani mwangu: fundi baiskeli na kazi ya kusikiliza

Saa 11:30 alfajiri

Kitu cha kwanza ninachoshika asubuhi ni matairi. Nayabonyeza kwa kidole gumba, kisha naweka pampu kuhakikisha. La nyuma nalipa upepo zaidi kidogo, maana ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito wangu. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu. Wengi wanaijaza mpaka hapo kama vile ni amri, halafu wanalalamika kwamba baiskeli inawarusharusha.

Saa 12:00

Kazini ni kilomita 9, ila nazunguka mpaka zifike 25. Muda huu barabara haina kelele, na ndipo ninapoisikia baiskeli vizuri. Baiskeli iliyo sawa hutoa sauti mbili tu: mvumo wa matairi juu ya lami na, ukiacha kupiga pedali, mlio wa friwili, kile kifaa cha gurudumu la nyuma kinacholiacha lizunguke pedali zikiwa zimetulia. Ukisikia ya tatu, ina sababu. Leo ipo: cheni yangu inachakarisha kwa ukavu kila nikipanda mlima. Nitaiangalia jioni.

Saa 2:00 asubuhi

Kufungua, kufagia, kutoa baiskeli nje.

Saa 2:20

Wa kwanza ni baba mmoja anayekwenda kazini kwa baiskeli kila siku. Pancha ya tatu wiki hii, tairi lilelile. Kiraka kimebandikwa vizuri kabisa, lakini aliyekibandika hakutafuta kilichotoboa.

Najaza mpira wa ndani upepo, napata tundu, kisha naulaza juu ya tairi, vali mkabala na tundu lake kwenye rimu. Hapo tundu linanionyesha nitafute wapi. Napitisha kitambaa taratibu ndani ya tairi (usipitishe kidole kitupu, utajichana). Kinanasa. Ni kipande cha waya, chembamba kama uzi, kimejificha ndani ya tairi lenyewe na hujitokeza tu likilemewa. Nakivuta kwa koleo na kumwekea kiganjani. Amekitazama muda mrefu.

Kisha msasa, gundi, na kusubiri. Gundi iache mpaka ukiigusa isinate ndipo ubandike. Kiraka kilichobandikwa juu ya gundi mbichi huanza kubanduka pembeni.

Saa 4:00

Hii ndiyo kazi ya leo. Dada mmoja ameingia akiisukuma baiskeli yake kana kwamba inaumwa.

"Fundi, hii imenishinda. Inalia kwik, kwik, kila nikikanyaga."

Alikwisha ipeleka mahali pengine. Wakabadilisha beringi za krenki (ile mikono inayoshika pedali), akalipa, akatoka, ikalia vilevile. Kisha wakamwambia fremu imechoka, anunue baiskeli mpya. Maneno hayo yananiuma. Fremu ya chuma haifi kirahisi namna hiyo, na mtu asiambiwe atupe chombo chake kabla hakijasikilizwa.

Nimemwomba aendeshe uani huku nikitembea pembeni. Ameketi, inalia. Nikamwambia, "Simama juu ya pedali, endelea kukanyaga." Kimya. "Keti." Kwik.

Krenki haijui kama umeketi au umesimama. Kinachojua ni siti na nguzo yake. Nimefungua kibano, nikaitoa nguzo: kavu kabisa, na vumbi la mchanga limejisaga kati yake na fremu. Kila alipokanyaga, uzito wake ulihama kushoto na kulia, chuma kikasuguana na chuma, na sauti ikasafiri ndani ya mabomba ya fremu mpaka ikasikika kama inatoka chini miguuni. Fremu hudanganya masikio hivyo.

Nimefuta nguzo, nimefuta ndani ya bomba, nikapaka grisi nyembamba na kukaza kibano. (Nguzo ya kaboni haipakwi grisi, ina dawa yake yenye chembechembe za kuishika isiteleze.) Nikafungua pia boliti za reli za siti, nikasafisha, nikarudisha. Akaenda kujaribu. Alizunguka uani mara tano, na mara ya tano alikuwa anacheka mwenyewe.

Saa 7:00 mchana

Gurudumu la nyuma limepinda, linagusa breki upande mmoja. Spoku 32, 16 kila upande. Kabla ya kushika ufunguo nazigusa moja moja kwa ukucha kama nyuzi za zeze. Za upande wa gia zinalia juu, za upande wa pili chini, na ndivyo inavyotakiwa: gia zinachukua nafasi, kwa hiyo spoku za upande huo husimama wima zaidi na lazima zikazwe zaidi ili rimu ikae katikati. Kati ya zile za gia mbili hazilii kabisa, zinatoa mdundo mfu. Ugonjwa uko hapo.

Robo ya mzunguko, zungusha gurudumu, tazama. Robo nyingine. Ukikaza spoku moja kwa pupa, rimu itanyooka hapo na kupinda kwingine. Dakika 40 zimepita na sijazihisi.

Saa 9:30 alasiri

Kijana ameleta krenki iliyovuliwa nyuzi za kukazia pedali. Alitaka kutoa pedali ya kushoto, akageuza alivyozoea, ikagoma, akaongeza nguvu. Pedali ya kushoto nyuzi zake ni za kinyume: kuilegeza unageuza kama mshale wa saa unavyokwenda. Krenki ile haiponi, na ameumia moyoni. Tulipokuwa tunatafuta nyingine tumezungumza juu ya Biniam Girmay wa Eritrea, alivyoshinda hatua 3 za Tour de France mwaka 2024 na kufika mwisho na jezi ya kijani, ile ya mshindi wa pointi. Kijana anakumbuka hata nani alikuwa nyuma yake mstarini. Ametoka akiwa amechangamka.

Saa 11:30 jioni

Milango imefungwa. Sasa ni zamu ya baiskeli yangu. Naweka kipimo cha cheni. Kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7 ikiwa mpya. Watu husema cheni "imevutika", lakini chuma hakijavutika. Ni pini zinalika ndani ya viungo, kila kiungo kinaongeza upenyo kidogo, na cheni nzima inarefuka. Kwenye gia 11 kama zangu, ikipita nusu asilimia naibadilisha. Ukiendelea kungoja, itakula meno ya spoketi (gia zenyewe), na hapo hata cheni mpya itaruka.

Kipimo kimezama, yaani cheni imelika kupita hapo. Nakata cheni mpya kwa urefu wa ile ya zamani kwa kuhesabu viungo, maana ukizilaza sambamba ile iliyolika itakudanganya. Nafunga kiungo, naizungusha kinyumenyume, natia oili tone moja kwa kila kiungo, nafuta inayobaki nje.

Saa 12:45

Mlima wa asubuhi, sasa naushuka. Naacha kupiga pedali. Friwili, na matairi.