Mlango wa mama: mfaa umechorwa, na Maalim tumemuaga

Miimo yote miwili, zile nguzo za ubavuni, imekwisha kuchongwa, kizingiti cha juu kimebaki kuandikwa mwaka na kupigwa msasa, na mfaa, ule ubao wa katikati, ndiyo kwanza umepata mchoro. Hapo ndipo mlango wa mama ulipofika. Ila safari hii nitaandika zaidi habari za Maalim kuliko habari za mbao, maana Ijumaa tulimuaga karakanani. Amekwenda Dar kupasuliwa moyo.

Kwa wanaoanza kusoma hapa: mimi ni karani, uchongaji ni kazi ya mapenzi tu. Nafika karakanani Jumamosi, na siku nyengine baada ya alasiri kama ofisini kumetulia. Nachonga mlango wa mbao mbili, wa mvule, kwa nyumba ya mama huku Ng'ambo, Unguja. Maalim ndiye niliyegawana naye meza tangu nianze. Jina hilo amelipata kwa kusomesha watoto Kurani usiku, lakini mchana ni fundi wa nakshi, na milango kadhaa ya Mji Mkongwe iliyokuwa imeliwa na mchwa chini imerudi kusimama kwa mikono yake. Sikuletwa kwake kuwa mwanafunzi. Nilikuta nafasi mbele yake nikaweka ubao wangu, akasogeza patasi zake, basi.

Namna yake ya kukosoa sijaiona kwa fundi mwengine. Hakunyang'anyi patasi. Anakuja upande wako, anaweka kidole gumba juu ya mti pale ambapo nyuzi zinageuka, anasema, "Hapa mti umegeuza uso, nawe geuka." Kisha anarudi kwenye kazi yake. Wakati wa miimo kidole kile nilikiona kila nilipofika. Kwenye miimo tuliweka mnyororo ukingoni, samaki chini kabisa, na juu yake mimea inayopanda hadi kwenye kizingiti, kama ilivyo kwenye milango mingi ya zamani ya mjini. Magamba ya samaki yanachongwa kwa bobari ndogo, patasi yenye makali ya mviringo, na kila gamba lina upande mmoja ambao chuma kinakwenda kinyume na nyuzi. Ukilazimisha, gamba linaruka zima.

Dalili tuliziona sote tukadhani ni umri, ingawa hata miaka 60 hajafika. Kwanza aliacha kusimama akipiga nyundo ya mti, akavuta kigoda. Kisha akawa anapiga mara chache, anaweka nyundo chini, anavuta pumzi huku anajifanya anautazama mchoro. Viatu vya kamba akaviacha, akawa anakuja na ndara, kwa sababu miguu ilikuwa inavimba ikifika jioni. Mkewe ndiye aliyesema kwamba usiku halali tena ila kwa kuegemea mito. Hapo vijana wa karakana wakamchukua hospitali, na kipimo cha picha ya moyo kikaonesha valvu ya upande wa kushoto, kile kilango cha kupitishia damu, imekakamaa na kuwa nyembamba.

Chanzo chake ni cha utotoni. Alieleza daktari, na Maalim akatueleza sisi kwa utulivu uleule anaofundishia: mtoto anapata maumivu ya koo ya bakteria, hatibiwi sawasawa, mwili unapopigana na wale wadudu unaanza kuishambulia na valvu ya moyo. Inapona kwa kovu, kovu linakaza mwaka hadi mwaka, na mtu anaweza kufika utu uzima ndipo pumzi zinaanza kumpungua. Dawa ya koo lile ni penisilini, dawa ya zamani na ya bei ndogo. Nimeliandika hili kwa makusudi. Wengi wanaosoma hapa wana watoto, na koo la mtoto tunalidharau mno. Tunampa maji ya chumvi na asali, homa ikishuka tunamrudisha skuli.

Upasuaji utafanywa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Kabla ya hapo walimpeleka kwa daktari wa meno, na meno mabovu yakang'olewa, kwa kuwa uchafu wa meno ukiingia kwenye damu unaweza kwenda kukaa kwenye valvu mpya. Sikuwa nikijua kama kinywa na moyo vimekaribiana hivyo.

Jambo lililomkalisha chini hasa ni uchaguzi wa valvu. Kuna ya chuma na kuna ya nyama ya mnyama. Ya chuma inadumu miaka mingi sana, lakini mwenye nayo anakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na kupimwa damu mara kwa mara kuona haijawa nyepesi mno wala nzito mno. Ya mnyama haidai dawa hiyo milele, ila inachakaa, kwa kawaida baada ya miaka 10 hadi 15, na kwa mtu ambaye hajazeeka inaweza kuwahi zaidi, kisha kifua kifunguliwe tena. Kwa karani kama mimi hesabu yake si ngumu. Kwa mchongaji ni jambo jengine kabisa. Tazama mkono wa kushoto wa fundi yeyote wa nakshi: umejaa alama nyeupe za patasi kuanzia kidoleni hadi kwenye kifundo. Tunajikata, tunafunga kitambaa, tunaendelea. Mtu anayekunywa dawa ya damu hawezi kulichukulia jeraha la patasi hivyo.

Alikaa na suala lile kitambo, hakutaka tumshauri. Mwishowe alisema, "Kifua changu kitafunguliwa mara moja tu." Amechagua ya chuma. Atahamia Temeke kwa binti yake ili awe karibu na kliniki, na nakshi ya kula nayo ameiacha. Atachora, atafundisha, atasimamia kazi za wengine. Patasi kubwa na nyundo amezigawa. Ndiyo maana nasema tumemuaga, hata kama Mola atamrejesha salama kututembelea, na tunaomba iwe hivyo.

Aliuliza pia kuhusu msumeno. Hili lazima niliandike maana lilinionesha ni mtu gani. Aliambiwa mfupa wa katikati ya kifua hukatwa kwa msumeno mdogo wa umeme, juu hadi chini, moyo unasimamishwa na mashine inashika kazi ya kusukuma damu, na mwisho mfupa unafungwa kwa waya wa chuma kisicho kutu. Akataka kujua wanaunga vipi. Aliporudi alinichorea kwenye kipande cha ubao: "Wanakutanisha uso kwa uso. Hakuna ulimi, hakuna tundu. Waya ndio unaoshika mpaka mfupa ujiunge wenyewe." Ndiyo sababu wiki 6 hadi 12 za mwanzo haruhusiwi kunyanyua kizito wala kusukuma wala kuvuta kwa nguvu. Alilielewa hilo kuliko sisi wote, maana ameshaona gundi nyingi zikiachia kwa sababu mtu alifungua jiriwa mapema.

Sasa mfaa. Mfaa ni ule ubao mwembamba unaosimama katikati na kuziba mwanya baina ya mbao mbili za mlango, na kwa kuwa ndio macho yanapoanguka kwanza, nao huchongwa kwa kina. Nilikuwa nimeamua nisiuguse hadi Maalim apone. Nilimwambia hivyo, nikiamini nimemfanyia heshima. Hakufurahi hata kidogo.

"Mwanangu, usiniwekee kiporo."

Akaniambia niulete mezani palepale. Alitafuta katikati ya ubao kwanza, akapiga mstari wa urefu, kisha akashika bikari. Alianza na waridi la kati, akashuka na kupanda kutoka hapo, ili kama kuna kipande kisichotosha waridi zima kigawike sawa juu na chini, kisije kikalundikana upande mmoja kikaonekana kama kasoro. Kila waridi ni la majani sita. Mwanya uleule wa bikari uliochora duara ndio unaotembezwa ukingoni mwake, nao unalikata mara sita kamili bila kupima wala kuhesabu. Nilikuwa nalijua hilo. Nisilolijua ni kwamba yeye anazungusha kila waridi kidogo kuliko lililo chini yake, hivyo jicho linapanda bila kukwama. Ukitazama haraka huoni. Ukienda kwenye milango ambayo majani yote yamesimama sawasawa unaona ugumu fulani na hujui umetoka wapi.

Alichora mfaa mzima kwa mkao mmoja, akipumzika katikati, na mimi nikishika taa. Kwenye waridi la juu kabisa mkono ulianza kumtetemeka, akanipa bikari. Nililichora mimi, yeye akiweka kidole gumba pale ncha inapotakiwa kukaa.

Mti wenyewe una tabia yake. Mvule mara nyengine huwa na mawe ndani, chokaa ngumu inayojikusanya penye jeraha la mti, na patasi ikikutana nayo makali yanakwenda. Ubao wa mfaa una sehemu moja yenye rangi ya kijivu karibu na chini. Maalim aligonga pale kwa kucha, akasikiliza, akaizungushia penseli. Ushauri wake ni kuifikia sehemu ile kwa patasi ya zamani kwanza, na kunoa upya kabla ya kurudi kwenye jani safi. Akasisitiza barakoa, kwa kuwa vumbi la mvule linawasha kifua na ngozi.

Siku zilizofuata hakuchonga tena, alinoa. Alikaa kwenye kigoda chake na kinoo na bakuli la maji, akapitia patasi na bobari za kila mtu, si zangu tu. Bobari alikuwa anaizungusha kwa kifundo cha mkono huku anasukuma, ili mviringo wote uguse jiwe, halafu ndani yake anapitisha kijiwe chembamba kuondoa ule uzi mwembamba wa chuma unaobaki kwenye makali. Mwisho anayapitisha makali kwenye ngozi. Alizijaribu zote kwenye kipande cha mkangazi, akikata kwa kupingana na nyuzi. Zikiacha uso unaong'aa anaziweka kuliani, zikiacha uso wenye manyoya anazirudisha jiweni.

Ijumaa baada ya sala walikuja mafundi wote, hata wale waliokwishahamia karakana nyengine. Kulikuwa na kahawa na halua, na ilisomwa dua. Kisha Maalim akasimama kutaka radhi. Alimwendea kila mmoja wetu, mkubwa na mdogo, hata kijana anayefagia vumbi, akashika mkono wake kwa mikono miwili: "Niwie radhi, nami nimekuwia radhi." Fundi mmoja waliyekuwa na ugomvi wa miaka juu ya kazi ya mlango waliyoshirikiana alilia waziwazi, na hakuna aliyegeuza uso. Ilipofika zamu yangu nilikuwa nimepanga maneno, hayakutoka. Nilisema tu, "Nimekuwia radhi Maalim, na wewe niwie." Akasema, "Jani la chini usilichimbe sana, litapigwa na ufagio." Nikasema nimesikia.

Jumamosi aliondoka na boti ya asubuhi, na mkewe na kijana mmoja wa kwetu.

Kinachoendelea sasa ni damu. Upasuaji wa namna hii unahitaji damu ya kutosha iwepo tayari, na wenzetu waliopo Dar wameombwa kuchangia. Kwa anayesoma akiwa huko na hajawahi kutoa: uwe na miaka 18 hadi 65, uzito usipungue kilo 50, na uwe mzima wa afya. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Hata kama damu yako haitamfikia Maalim, itamfikia mgonjwa mwengine aliyelala wodi ileile.

Kwa upande wa mlango, nimeanza kupigia patasi wima kwenye mistari ya waridi la kati, na ardhi, ule uso unaozunguka majani, nitaishusha nusu inchi, robo inchi tu kwenye jani la chini. Kijivu kile sijakifikia. Kizingiti nimekiacha kando hadi mfaa upate sura, kwa kuwa mama anataka mwaka uandikwe juu yake na bado hajaamua iwe ya Hijria au ya kawaida. Kila Ijumaa nitatuma picha kwenye simu ya binti wa Maalim. Maalim ameshatoa masharti: zipigwe asubuhi, mwanga utoke ubavuni, ili aone kina cha nakshi, na nisizichague nzuri tu.